Mchezo wa Majoka: Je, Unaharibu Akili ya Kijana?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na usafi wa maji. Mwezi huu tuzungumze juu ya mchezo. Siyo mpira wala bao, bali mchezo wa mezani uliotoka Marekani, unaochezwa kwa dadu, kalamu na maneno mengi.

Familia nyingi za parokia zetu zina vijana wanaosoma au kuishi ng'ambo. Nyingine zimeuona mchezo huu katika mfululizo wa televisheni uitwao Stranger Things, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2016. Wazazi wanajiuliza: mtoto anakaaje mezani saa nne akibishana juu ya joka ambalo halipo? Wengine wamesikia kwamba mchezo huu uliwahi kuua vijana. Swali hilo ni la afya, nasi wauguzi hatuna budi kulijibu kwa utaratibu.

MCHEZO HUU NI NINI?

Unaitwa Dungeons & Dragons, jina lenye maana ya magereza ya chini ya ardhi na majoka. Ulitolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa amefanya kazi ya bima, na alipoipoteza alishona viatu nyumbani ili kuilisha familia yake. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, kila moja ikiwa na vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Mchezo hauna mshindi. Mchezaji mmoja huwa kiongozi, naye husimulia. Wengine, kwa kawaida watatu hadi watano, kila mmoja humwongoza mhusika mmoja. Kiongozi husema: "Mmefika kwenye mlango wa pango. Ndani mnasikia maji yakitiririka na mtu akilia. Mnafanya nini?" Mmoja anataka kuingia, mwingine anataka kwanza kuwasha mwenge, wa tatu anaogopa mtego. Penye shaka kama jambo litafaulu, wanatupa dadu yenye pande 20 na kujumlisha uwezo wa mhusika.

Wengi wetu tulilelewa kwa hadithi za jioni, bibi akisimulia nasi tukiitikia. Mchezo huu haupo mbali na hapo, isipokuwa wasikilizaji ndio wanaoamua sungura afanye nini.

KUMJENGA MHUSIKA

Kabla ya kucheza, kila mmoja hujenga mhusika wake na kumwandika kwenye karatasi. Mhusika ana uwezo wa aina sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu wa mwili, akili, busara na mvuto kwa watu. Kila mmoja hupewa namba. Zamani mchezaji alitupa dadu tatu za kawaida na kuzijumlisha, akapata namba kati ya 3 na 18.

Hapa pana somo la hesabu ambalo mwalimu yeyote angelipenda. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 216. Namna moja tu kati ya hizo inaleta 18, na moja tu inaleta 3. Namna 54, yaani robo nzima, zinaleta 10 au 11. Kwa hiyo wahusika wengi walikuwa watu wa kawaida, wenye jambo moja wanaloliweza na jingine linalowashinda. Mtoto aliyetaka shujaa asiye na dosari alipata seremala mwenye kifua dhaifu, ikambidi amfikirie.

Wachezaji walilalamika, na kanuni zikabadilika. Baadaye iliruhusiwa kutupa dadu nne na kuiacha iliyo ndogo. Katika kitabu cha mwaka 2014 mchezaji anaweza kuacha dadu kabisa na kununua uwezo kwa pointi 27. Kila uwezo unaanzia 8, na kwa njia hiyo hauwezi kuvuka 15 kabla ya nyongeza nyingine. Kuupandisha uwezo mmoja hadi 15 kunagharimu pointi 9. Ukinunua 15 tatu, pointi zote zimekwisha, na uwezo mwingine wote unabaki 8. Maana yake ni wazi: ukitaka nguvu nyingi, utakosa kitu kingine.

Kitabu hicho cha 2014 kilimtaka mchezaji aandike pia tabia ya mhusika, jambo analoliamini, mtu au kitu alichofungamana nacho, na kasoro yake. Tuchukue mfano wa mponyaji mwenye busara 15 na nguvu 8. Anaamini kwamba hakuna mgonjwa wa kuachwa njiani. Amefungamana na dada yake mdogo. Kasoro yake ni kwamba hawezi kuomba msaada, hata anapoelemewa. Wauguzi wenzetu wakisoma karatasi hiyo watacheka, kwa maana watamtambua mtu wanayefanya naye kazi zamu ya usiku.

Kwa nini jambo hili ni la afya? Kwa sababu kijana wa miaka 13 hadi 19 yumo katika kazi kubwa ya kujiuliza yeye ni nani. Leo anatembea kama mjomba wake, kesho anasema kama mwimbaji wa redioni. Kumjaribu mtu mwingine mezani, kati ya marafiki, kwa saa chache, ni njia mojawapo ya kuifanya kazi hiyo. Kijana mwenye haya anaweza kumpa mhusika wake ujasiri, akaongea mbele ya watu watano kwa mara ya kwanza.

KUBISHANA JUU YA KANUNI

Anayesikiliza mlangoni atadhani wanagombana. Nusu ya mchezo ni mabishano, nayo hayakuanza jana. Gazeti la mchezo huo, Dragon, lilianza mwaka 1976, na kuanzia mwaka 1979 lilikuwa na safu maalumu ya kujibu maswali ya wasomaji juu ya kanuni. Mchezaji anayekariri kila kifungu ili kujipatia faida hupachikwa jina la wakili wa kanuni, na jina hilo si la kumsifu.

Tutoe mfano mmoja ambao sisi wa hospitali tunaupenda. Kila mhusika ana pointi za uhai. Akipigwa upanga, zinapungua. Zikifika sifuri, anaanguka. Swali linalobishaniwa tangu mwanzo ni hili: pointi hizo ni nini hasa? Kama ni damu na mifupa, mtu aliyepoteza nusu yake angekuwa amelala wodini, lakini mhusika anaendelea kupigana kana kwamba hakuna kilichotokea. Gygax mwenyewe aliandika mwaka 1979 kwamba sehemu kubwa ya pointi hizo si nyama ya mwili, bali ni ustadi, bahati na uzoefu wa kukwepa. Wengine wakauliza: kama ni bahati, mbona zinarudishwa na mponyaji?

Mabishano yanazidi pale pa kupona. Katika kanuni za mwaka 1979, mhusika alirudishiwa pointi moja kwa siku ya mapumziko. Katika kanuni za mwaka 2014, akipumzika saa 8 anarudishiwa zote. Sisi tunaowaona waliovunjika paja wakilala wiki nyingi hospitalini tungeungana na kanuni ya zamani. Lakini vijana wana hoja pia: nani atakubali kukaa mezani mwezi mzima akimsubiri mhusika wake apone? Kanuni ya kwanza inaufuata mwili, ya pili inaufuata mchezo. Kijana anayeiona tofauti hiyo ameanza kufikiri.

Yupo pia aliyefika sifuri. Kwa kanuni za 2014, kila zamu yake inapofika anatupa dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Kufaulu mara tatu kunamtuliza, kushindwa mara tatu kunamwua. Lakini mwenzake akiwa na mkoba wa huduma ya kwanza, unaotosha kutumika mara kumi, anaweza kumtuliza bila dadu yoyote. Hapo tunaipigia makofi kanuni, maana hata barabarani palipotokea ajali, mwenye bandeji na ujuzi kidogo ni afadhali kuliko kumwachia majeruhi bahati.

Mabishano mengine yamegusa haki. Kitabu cha mwaka 1978 kiliwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha wanaume. Wachezaji walihoji, na toleo la mwaka 1989 likakiondoa. Kadhalika, kwa miaka mingi mhusika alizaliwa na nyongeza ya uwezo kufuatana na jamii yake: hawa wana misuli, hawa ni wepesi. Watu wakauliza kama inafaa kumfundisha mtoto kwamba kabila zima huzaliwa na tabia moja. Kitabu cha mwaka 2020 kiliruhusu nyongeza hizo zihamishwe, na kile cha mwaka 2024 kimeziunganisha na malezi na kazi ya awali ya mhusika, siyo na uzao wake.

Mabishano hayo huishaje? Desturi ya meza nyingi ni kwamba kila upande unatoa hoja yake kwa kifupi, kiongozi anaamua, mchezo unaendelea, na asiyeridhika anangoja mwisho ili kulizungumza tena. Meza nyingi hukaa kikao kimoja kabla ya kuanza, wakakubaliana mambo yatakayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Wengine huweka kadi mezani yenye alama ya X. Mchezaji akiigusa, jambo linalosimuliwa linarukwa, wala haulizwi sababu. Aliyefiwa hivi karibuni hatalazimishwa kusikiliza habari za mazishi. Tunajua vikao vya watu wazima ambavyo vingefaidika na desturi hizo.

JE, NI UCHAWI?

Kwetu neno mchawi ni zito, limevunja undugu na limemwaga damu. Kwa hiyo hatushangai mzazi akishtuka anaposikia mtoto amekuwa "mchawi" mezani. Lakini katika mchezo huu maneno ya mazingaombwe ni mistari ya kanuni kitabuni: umbali gani, muda gani, dadu ngapi. Hakuna anayeita roho yoyote. Kijana aliyeigiza Herode katika igizo la Noeli hakuwa mwuaji, na aliyeigiza Yuda Ijumaa Kuu aliendelea kuimba kwaya. Viumbe vingi vya mchezo huu, tena, vilitokana na hadithi za J.R.R. Tolkien wa Uingereza, ambaye alikuwa Mkatoliki.

Hata hivyo mzazi ana haki ya kusoma kitabu anachosoma mtoto wake na kusema: hiki sikipendi, kwa sababu hii. Picha nyingine zinatisha, na si kila simulizi inamfaa mtoto wa miaka 9.

HOFU ILIYOTANDA MIAKA YA 1980

Mwezi wa Agosti mwaka 1979, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akisoma katika Michigan State University alitoweka. Mpelelezi aliyekodiwa na familia alidokeza kwamba huenda alipotea katika mahandaki ya mabomba chini ya chuo akiufuata mchezo huu. Magazeti yalilipokea neno hilo na kulieneza nchi nzima. Kijana alipatikana akiwa hai. Mwaka uliofuata alijiua. Mwaka 1984 mpelelezi yule yule alitoa kitabu, akaeleza kwamba kijana alikuwa amebeba upweke, shinikizo la masomo na huzuni nzito. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kukimbia mbali, na kitabu hakikuweza kuifikia.

Mwaka 1982 mama mmoja wa jimbo la Virginia alifiwa na mwanawe kwa namna hiyo hiyo. Aliamini kwamba mchezo ndio uliomwua, na mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga. Mwaka 1985 kipindi maarufu cha televisheni kiliibeba habari hiyo. Vitabu vya mchezo vilichomwa moto mahali mahali. Tusimcheke mama huyo. Mzazi aliyefiwa hivyo hutafuta jibu usiku na mchana, na jibu lenye jalada na picha ya joka ni rahisi kulishika kuliko ugonjwa usioonekana.

Waliochunguza hawakupata uthibitisho kwamba mchezo unasababisha vijana kujiua. Mwaka 1990 mwandishi Michael Stackpole alitoa taarifa iliyoonyesha kosa la hesabu. Vijana waliocheza walikuwa mamilioni. Katika mamilioni ya vijana wowote, wapo watakaougua sonona na kwa bahati mbaya wapo watakaojiua, wawe wanacheza au hawachezi. Kuhesabu waliocheza peke yao, bila kuwalinganisha na wengine, hakuonyeshi chanzo. Ni sawa na kusema kwamba sare za shule huleta malaria kwa kuwa wagonjwa wengi wadogo wamevaa sare.

Siku hizi upepo umegeuka. Mwaka 2024 watafiti wa University College Cork, nchini Ireland, walichapisha mazungumzo yao na wachezaji wachache, ambao walieleza kwamba mchezo uliwapa marafiki na nafasi ya kujifahamu. Katika jimbo la Washington, Marekani, shirika la Game to Grow hutumia michezo ya aina hii kuwasaidia watoto wenye shida ya kuhusiana na wenzao. Ni habari njema, lakini tusiruke kutoka hofu hadi kuabudu. Mchezo si dawa ya sonona, kama vile haukuwa sumu.

TUNALOTAKA WAZAZI WALISHIKE

Ndugu wazazi, hatari kubwa ya hofu ile ilikuwa kwamba iliwaelekeza watu kutazama pasipopaswa. Mzazi aliyekichoma kitabu alilala akidhani ameuondoa ugonjwa, kumbe ugonjwa umebaki chumbani pamoja na mtoto. Tena alikuwa amewaondoa marafiki watano waliokuwa wakimwona mtoto huyo kila wiki, ambao labda wangekuwa wa kwanza kusema: "Mwenzetu hayuko sawa."

Angalieni mtoto mwenyewe. Zifuatazo ni dalili za sonona, hasa zikidumu wiki mbili au zaidi:

- Huzuni au hasira karibu kila siku.
- Kuacha mambo aliyokuwa akiyapenda, pamoja na mchezo huo wenyewe.
- Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
- Kukosa hamu ya chakula, au kula ovyo, na uzito kubadilika.
- Kushuka ghafla kwa masomo na kushindwa kukaza fikra.
- Kujiona hana thamani, kujilaumu kwa kila jambo.
- Kusema juu ya kufa, kugawa vitu vyake apendavyo, au kuaga bila sababu.

Hiyo ya mwisho haingoji wiki mbili. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake. Msiogope kumwuliza waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi linampa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, msimkaripie wala msimhubirie. Msikilizeni, ondoeni sumu, dawa na vitu vya hatari karibu naye, na tafuteni mhudumu wa afya.

Na kuhusu mchezo wenyewe, tunashauri yafuatayo:

1. Kaeni mezani mara moja. Ombeni mtoto awaonyeshe karatasi ya mhusika wake, mkaulize: "Kasoro yake ni ipi, na kwa nini ulimchagulia hiyo?" Msiigeuze karatasi kuwa cheti cha daktari. Mhusika yatima hana maana kwamba mtoto anawachukia wazazi.

2. Wajueni wenzake kwa majina, na kiongozi wa mchezo ni nani, hasa kama ni mtu mzima au mnacheza naye mbali kwa kompyuta.

3. Wekeni saa ya kumaliza. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mhusika anarudishiwa pointi zake zote kwa saa 8 za mapumziko, basi na mchezaji mwenyewe apewe zake.

4. Kila saa moja wanyooshe miguu. Mezani pawe na maji, karanga na matunda, siyo soda na bisikuti peke yake.

5. Mabishano yakigeuka matusi, au mmoja akilia kila wiki, simamisheni. Mchezo mzuri unamrudisha mtoto nyumbani amechangamka.

6. Kazi, masomo na ibada vibaki mahali pake. Mtoto akiviacha vyote kwa ajili ya mchezo, ulizeni kwanza anakimbia nini.

Anayejenga mhusika anajifunza kwamba kila mtu ana 15 mahali fulani na 8 mahali pengine. Anayebishana juu ya kanuni kisha akakubali uamuzi anajifunza kuishi na wenzake. Mafunzo hayo mawili hayamdhuru mtoto. Lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mzazi anayemtazama mtoto usoni wakati wa chakula cha jioni na kumwuliza siku yake ilikuwaje, kisha akangoja jibu.